Moyo wa Mdogo Wangu na Vigelegele vya Shangazi

Kwetu milimani, juu ya Same, kulikuwa na wakati ambapo nyumba yetu haikuwa na jogoo. Hakuibwa wala hakuchukuliwa na kicheche. Tulimla sisi wenyewe, kwa hukumu niliyoitoa mimi, na kosa lake lilikuwa kuwika. Mdogo wangu wa kiume alimpenda sana yule jogoo, akala paja lake huku akimtetea.

"Dada, huyu alikuwa akifanya kazi yake tu."

"Akaifanyie tumboni," nikamwambia. "Kimyakimya."

Ili hukumu hiyo ieleweke inabidi nianze na mama.

Baba alikuwa ametangulia, kwa homa aliyorudi nayo kutoka mashamba ya mkonge alikokwenda kutafuta kodi ya Mwingereza. Mama yeye hakuugua. Asubuhi moja alikuwa kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la udongo tunalokusanyia maji ya mifereji. Ukingo ukibomoka, watu wote huitwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na mshahara wala udhuru, na wito wake ni pembe. Mama aliwahi mapema, akainama kuchota matope pamoja na wenzake. Mpuliza pembe akapita nyuma yao, akaipuliza kuwaita waliochelewa. Mama akashtuka, akanitazama mimi niliyekuwa kando yake, akaanguka, na hakuinuka tena. Watu walisema mengi, kama watu wasemavyo. Mpuliza pembe mwenyewe, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza mbuzi wa jirani, alilia kutushinda sisi.

Nikaacha shule. Nilikuwa nimefika kwenye hesabu za kugawanya, na zilinifaa, maana kazi yangu ya kwanza kama mkubwa wa nyumba ilikuwa kugawanya chungu kimoja cha makande kwa watu watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekula kama wawili, na kitinda mimba wetu wa kike, aliyekuwa bado akijikwaa kwenye nguo yake.

Huyu kitinda mimba alipokuwa amefika umri wa kuchunga mbuzi, kifuniko cha sufuria kiliniponyoka jikoni. Kikagonga jiwe la mafiga. Yeye alikuwa mlangoni. Akaruka, akanitazama kama anayetaka kuniuliza jambo, kisha akashuka chini kama kanga iliyoteleza kutoka kwenye kamba. Nilimkumbatia, nikamwita kwa majina yote ya ukoo. Kabla sijayamaliza akafumbua macho, akaniuliza kwa nini ninalia na kama chakula kimeiva.

Lakini mimi nilikuwa nimeyaona macho yale. Yalikuwa macho ya mama pale ukingoni. Tangu siku hiyo nilijua ni nini ninachokilinda, na nilijua kinaweza kuchukuliwa na kifuniko cha sufuria.

Nikampeleka hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto. Daktari alikuwa Mzungu mzee aliyejifunza Kiswahili chake kwenye Biblia, hata akikuagiza uteme mate ungedhani anakubariki. Alisikiliza kifua cha mtoto mbele na nyuma, akasema, "Tazama, moyo wa binti huyu ni mwema." Nikamweleza habari za mama. Akausikiliza tena moyo, safari hii amefumba macho.

Kisha akanieleza. Alisema moyo haungoji amri ya mwenyewe. Kuna mishipa ya fahamu inayouendesha tukiwa macho au tumelala, na mishipa hiyo ni ya namna mbili: mmoja huuharakisha, mwingine huutuliza. Kwa mtu mwenye afya, hiyo miwili husikilizana.

"Kama punda kwenye mteremko wa kwenda Same," nikasema.

"Punda?"

"Anapobebeshwa mzigo, bwana daktari. Mmoja hukaa nyuma na fimbo, mwingine hutangulia na kamba. Wa nyuma huhimiza, wa mbele huzuia. Punda mwenyewe haulizwi."

Daktari alicheka hata miwani ikamshuka puani. "Naam, punda. Basi binti huyu akishtuka, mwenye fimbo huamka ghafula na kumcharaza mno."

"Punda akimbie."

"Hapana. Laiti angekimbia. Husimama palepale akitetemesha miguu yote minne, kila mguu na safari yake, na mzigo hausogei. Damu haiendi kichwani, naye huanguka. Akiwa na heri, miguu hukumbuka njia."

Hakusema asipokuwa na heri inakuwaje. Sikuuliza, nilikuwa najua.

Alitupa vidonge vya kutuliza, akasema havitibu, vitampunguza tu yule mwenye fimbo. Vilimpunguza kila mtu. Jumapili iliyofuata mdogo wangu huyu wa kike alisinzia katikati ya mahubiri, akaporomoka kutoka kwenye benchi. Mimi nikapiga yowe, kanisa zima likasimama, mchungaji akapoteza mstari wake na hakuupata tena. Mtoto alikuwa anakoroma. Vidonge nikaviweka juu ya dari na havikushuka. Nikabaki na agizo la pili la daktari, ambalo lilikuwa neno moja tu: msimshtue.

Sasa mimi ni mtu wa neno. Nikiambiwa jambo nalishika, na nililishika hilo kwa mikono miwili. Jogoo mmekwisha kumsikia. Mbuzi nikawavua njuga, wakapotea kimyakimya kwenye shamba la maharage la jirani, tukalipa kwa mbuzi mmoja asiye na njuga. Bawaba za mlango nilizipaka mafuta ya nyonyo. Vifuniko vyote vya jikoni nilivivika matambara kama watoto wachanga. Mahindi ya makande tulikwenda kutwanga kwenye kinu cha mtu mwingine, mteremko wa pili. Mpuliza pembe niliyeyataja machozi yake alikubali kwa moyo wote: kabla ya kupuliza alipeperusha shuka jeupe juu ya mwamba, nami nilipoliona nilimziba mdogo wangu masikio. Wageni niliwaagiza wasipige hodi mlangoni, wakohoe tangu kwenye migomba ya chini, taratibu, wakikaribia waongeze kidogo. Mtu asiyetujua angepita pale angefikiri ukoo mzima una kifua.

Aliyeteseka kuliko jogoo alikuwa shangazi, dada yake baba. Shangazi yangu hakuwa na mali, lakini alikuwa na vigelegele. Harusi isiyokuwa naye ilihesabiwa kama ubarikio wa kawaida wa watoto kanisani. Walisema aliwahi kuvipiga juu ya mwamba wetu, wachungaji kule tambarare wakawakusanya ng'ombe wakidhani kuna jambo. Mwanamke wa namna hiyo nilimwomba anong'one.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Hamjambo hapa, mbona kama mmehama!"

"Shangazi, polepole."

"Polepole nini? Nimekuja kuwasalimu au kuwaibia?"

"Daktari alisema..."

"Daktari!" Akajitahidi kunong'ona. Mnong'ono wake ulikuwa kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, majivu yaliruka. "Haya. Nimenong'ona. Mate yamenipalia. Mwanangu, na nikifa mimi, mtanizika kwa ishara?"

Mdogo wangu alikua katika kimya hicho, akawa msichana mrefu, mcheshi kwa sauti ya chini. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kunichanganya, maana kadiri nilivyozidi kuinyamazisha nyumba, ndivyo alivyozidi kushtuka. Zamani ilitaka kifuniko cha sufuria. Sasa parachichi likidondoka nyuma ya nyumba, alishika kifua na kuketi. Siku moja kaka yake alipiga chafya, naye msichana akaanguka kabisa, nikamwita tena kwa majina ya ukoo hadi aliporudi. Nilimwambia kaka mtu awe anapigia chafya shambani.

Huyu kaka mtu wakati huo alikuwa ameshuka Same, akibeba mizigo stesheni, na alipanda milimani mwisho wa juma akinuka mkaa na maarifa.

"Dada, hii nyumba imekuwa kama sanduku," aliniambia. "Mtu aliyekaa gizani ukimwashia kibiriti tu, anapofuka."

"Mama alikufa kwa pembe. Wewe unaniletea habari za vibiriti."

"Sijasahau mama alivyokufa."

"Basi kapigie chafya shambani."

Jumamosi moja nikatoka kwenda kupalilia, niliporudi nikakuta nyumba tupu. Mpuliza pembe aliwaona wakishuka, kaka na dadaye, wamevaa nguo za kanisani. Niliuliza wanakwenda wapi, akatazama miguu yake. "Anampeleka kuona gari moshi," akasema.

Sikumbuki ile njia niliishukaje. Wanaoifahamu wanajua goti husema nini chini ya mteremko ule. Nilikuwa bado na jembe mkononi. Joto la tambarare lilinipokea kama mdomo wa ng'ombe, na nilikuwa katikati ya mikwaju na vumbi la Same, bado siioni stesheni, niliposikia gari moshi likilia. Sijawahi kusikia sauti ndefu vile. Nilisimama. Nilianza kuyataja yale majina ya ukoo peke yangu barabarani.

Nilipofika, alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikajua amekwisha. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

"Dada!" akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Umelisikia?"

Nikamgeukia kaka mtu nimkaripie kwa hasira ya miaka yote. Lakini nilikuwa nimenong'ona muda mrefu mno. Koo lilikuwa limesahau. Karipio lilitoka kwa mnong'ono, refu, kali, bila kituo, jembe likinisaidia kuhesabu makosa. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mzigo wake alivua kofia, akainamisha kichwa. Alidhani ninaomba.

"Amina," akasema nilipomaliza.

Wakanieleza. Palikuwa na kijana pale, mwenye kazi ya kugonga kengele ya stesheni, yaani kipande cha reli kilichoning'inizwa, kinachogongwa kwa chuma. Kaka mtu alikuwa amemweleza mambo yetu. Kijana akamweka mdogo wangu mahali anapoona mbali, akamwambia: "Tazama pale kwenye kona ya mlima. Utaona moshi. Moshi ukifika kwenye mti ule, litalia. Halilii kabla." Naye yeye mwenyewe, kabla ya kugonga kengele yake, aliinua mkono juu, akangoja mpaka msichana alipotikisa kichwa kwamba ameuona. Ndipo akagonga.

"Si kelele, dada," mdogo wangu aliniambia. "Ni kushtukizwa. Nikiiona inakuja, moyo wangu unakaa."

Miaka mingi baadaye, Mwingereza akiwa ameshaondoka, daktari mmoja kijana alinichorea mapigo ya moyo kwenye karatasi. Alisema ipo mioyo ambayo baada ya kila pigo huchelewa kidogo kujiweka sawa, na ni urithi, kwetu ulipita kwa mama. Fimbo ikiushukia moyo kama huo ghafula, kabla haujajiweka sawa, hapo ndipo hupotea njia. Lakini mtu anayejua kinachokuja, mwenye fimbo naye huwa ameamka taratibu. Siku ile ya Same hakuna aliyeyajua hayo. Nilimwona tu msichana juu ya gunia, ana jasho, ana vumbi, yu hai.

Tulipanda mlima pamoja. Kesho yake nikavivua vifuniko matambara.

Kati ya wanaume wote wa Upare, wenye mashamba tulivu na ng'ombe wasiosema, mdogo wangu akachagua kuolewa na mpiga kengele. Kaka mtu alipomleta kijana na posa yake, alijificha nyuma ya mlango akitazamia kupigwa jembe. Sikumpiga. Nilimuuliza yule kijana swali moja tu: "Siku ukiwa na haraka, mkono utauinua?"

Akanijibu, "Nitauinua, dada. Gari moshi litachelewa."

Nikakubali. Lakini kukubali mume si kukubali harusi. Kijana mmoja anaweza kuinua mkono. Ukoo mzima utainuaje? Kulikuwa na kengele ya kanisa, kulikuwa na ngoma, na juu ya yote kulikuwa na shangazi, aliyekuwa amebana vigelegele kifuani tangu tulipomla jogoo. Usiku sikulala; mchana nikapata mpango. Wageni hawatashangilia. Watashika majani ya isale na kuyapunga.

Shangazi alinitazama kama nimemtukania mama yake.

"Isale? Isale tunampelekea mtu tuliyemkosea, kumwomba radhi. Sisi tumemkosea nani?"

"Ni jani zuri, shangazi. Ni la amani."

"Wakwe watatukuta tumejipanga njia nzima tunawapungia isale! Watarudi nyumbani wakiulizana tumewafanyia nini! Hata Bwana Shauri wa serikali akija hapa anashangiliwa, na yeye anakuja kutudai kodi. Sembuse bibi harusi!"

Mdogo wangu alikuwa akichambua maharage pembeni. Akaweka ungo chini.

"Shangazi atapiga," akasema.

"Hatapiga," nikasema.

"Atapiga nikiinua mkono kisha nikaushusha. Hakuna atakayeanza kabla ya mkono wangu, wala ngoma, wala kengele. Nitaangalia kila mtu usoni, halafu nitainua."

"Na usipokaa moyo?"

Hakunidanganya, na hilo ndilo lililonishinda. "Basi nitakuwa nimeolewa na vigelegele," akasema. "Dada, mama alikuwa ameinama. Mimi nitakuwa nimesimama, natazama."

Siku ya harusi uwanja wa kanisa ulijaa. Daktari mzee alikuja na mkoba wake, nami nilimweka karibu na mlango, akidhani ni heshima. Mpuliza pembe aliacha pembe nyumbani, akaja na shuka lake jeupe kwa mazoea. Mlio mmoja tu ulibaki, wa koo la mtoto mchanga, mama yake akalizima kwa ziwa. Sijawahi kusikia watu wengi vile wakiwa kimya vile. Mlango wa kanisa ukafunguliwa, wakatoka.

Mpiga kengele alikuwa amevaa koti la kuazima. Mdogo wangu alisimama kwenye ngazi, akaanza kututazama mmoja mmoja kama alivyoahidi. Akawatazama wapiga ngoma. Akamtazama mshika kamba ya kengele. Akamtazama shangazi, ambaye alikuwa amekwisha kufungua kinywa, ulimi ukiwa tayari, macho yamemtoka. Mwisho akanitazama mimi. Akainua mkono.

Na akauacha juu.

Akauacha, yule mtoto, akitabasamu. Shangazi alikuwa anatetemeka mzima kama chungu kilichofunikwa. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Nilikuwa naangalia mahali pale penye shela, juu kidogo ya ziwa la kushoto, kana kwamba ningeweza kumwona punda mwenyewe.

Mkono ukashuka.

Shangazi alitoa miaka yote kwa pamoja. Kengele ikafuata, ngoma zikafuata, wanawake wote wakaingia, njiwa wakaondoka juu ya paa la kanisa. Mdogo wangu aliyumba. Niliona. Aliweka kiganja kifuani, akafumba macho, kijana akamshika kiwiko. Kisha akafumbua macho, akavuta pumzi, akacheka, amesimama. Amesimama. Nikasema moyoni, mama, amesimama.

Baada ya hapo niliona ardhi inakuja.

Nilipozinduka nilikuwa chali kwenye nyasi, miguu yangu juu ya mkoba wa daktari, uwanja umekufa kimya kuliko mwanzo. Mtu alikuwa amenimwagia maji yaliyotakiwa kwa wali. Daktari ameshika kifundo cha mkono wangu.

"Tazama, punda wako ni mzima," akasema. "Uliogopa muda mrefu, kisha hofu ikakutoka mara moja. Wa mbele amevuta kamba mno, moyo ukaenda polepole mno, basi. Huyu wa kwako hana hatari. Lala kidogo."

Kaka mtu aliinama, uso wake juu chini. "Dada, nikupeleke ukaangukie shambani?"

Na juu yake, shela limeenda upande, alikuwa mdogo wangu. Alikuwa ameshaanza kunitajia majina ya ukoo, yote, kwa mpangilio niliomfundisha bila kujua. Alipoona macho yangu yamefunguka akaketi kwenye nyasi na gauni lake jeupe.

"Chakula kimeiva?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, shangazi alipenya katikati ya watu, kilemba mkononi, jasho likimtiririka.

"Huyu ni mzima? Ni mzima kweli?" Daktari akaitikia. "Basi sikilizeni! Nimebana vitu hivi miaka na miaka, nimenong'ona mpaka nimeota kikohozi, nimeambiwa leo ndiyo siku yangu, nafika katikati, ndiyo kwanza koo limeanza kufunguka, mtu ananilalia chini! Vigelegele vimekatika mdomoni! Havikatwi hivi vitu, ni kama kumkata mtu chafya! Bibi harusi!"

"Abee, shangazi."

"Inua mkono!"

Mdogo wangu alinitazama, nami nikatikisa kichwa kwamba nimeona. Akauinua.